Miwani ya Jicho la Pia

Pia ya watoto, ile inayochongwa kwa mti na kuzungushwa kwa kamba uwanjani, ina tumbo pana juu na ncha chini. Umbo hilo ndilo linalomjia akilini mpima macho amtazamapo kwa ubavu mgonjwa wa namna fulani, akaona kwamba kioo cha mbele cha jicho lake hakikupinda kwa ulaini kama mgongo wa kijiko, bali kimesukumika mbele na kulegea kidogo kuelekea chini. Kioo hicho huitwa konea. Katika jicho lenye afya unene wake wa katikati ni kama nusu milimita tu. Na ingawa ni chembamba kiasi hicho, ndicho kifanyacho takriban theluthi mbili za kazi yote ya kuikusanya nuru ili picha itue sawasawa nyuma ya jicho. Maradhi ya kukonda na kuchongoka kwa konea wataalamu huyaita keratokonasi, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya pembe na pia. Majumbani yatosha kusema jicho la pia.

Maradhi haya hayana kelele. Kwa kawaida hayaumi, hayatoi usaha, wala hayamlazi mtu kitandani. Aghalabu huanza wakati mtoto anapobalehe, yakaendelea polepole hadi umri wa miaka thelathini na kitu, kisha mara nyingi yakatulia yenyewe, ilhali madhara yamekwisha kufanyika. Hushika macho yote mawili, moja likitangulia. Mwenye nalo huuona mwezi una mikia. Taa ya gari usiku humtawanyikia kama nywele zilizotimuliwa na upepo. Herufi moja ukutani huwa na vivuli viwili au vitatu hata alifumbapo jicho la pili. Mwalimu humwona akiinamisha kichwa na kukunja macho, akadhani ni mzembe. Mama humwona akigongana na stuli jioni, akadhani ana haraka.

Zamani ilidhaniwa kwamba watu hao ni wachache mno. Uchunguzi wa jimbo la Minnesota, Marekani, uliochapishwa mwaka 1986, uliwahesabu kama 54 katika kila watu 100,000. Mwaka 2017 uchunguzi wa Uholanzi ulipata mtu 1 katika kila 375. Na mwaka 2018, mjini Riyadh, Saudi Arabia, watoto na vijana 522 walipopigwa ramani za konea, karibu 5 katika kila 100 walikutwa na jicho la pia. Sehemu ya tofauti hiyo yatokana na vyombo vya kuyatambua maradhi, ambavyo siku hizi ni vikali zaidi. Sehemu nyingine yatokana na nchi zenyewe na watu wake. Vyovyote iwavyo, si ugonjwa wa kuhadithiwa tu. Yamkini katika shule kubwa ya sekondari yupo mwanafunzi mmoja au wawili walio nao bila kujua jina lake.

Mtu wa namna hii anapokwenda kutafuta miwani, hukutana na moja ya makosa mawili. La kwanza ni la haraka: anakalishwa mbele ya mashine, mashine inatoa karatasi yenye tarakimu, tarakimu zinapelekwa kwa fundi, na baada ya wiki mteja anakabidhiwa miwani inayomfanya aone ardhi imeinama. Huivaa siku mbili, kisha ikalala kabatini. La pili ni la kukata tamaa: mpimaji akiona herufi hazinyooki, husema kwamba macho hayo hayafai miwani, basi, akafunga daftari. Kati ya makosa hayo mawili kuna kazi yenye ufundi wake, na ufundi huo, ajabu ya mambo, hauhitaji vyombo vya gharama kubwa. Wahitaji muda, na wahitaji mpimaji anayekubali kwamba mgonjwa aliye kitini ndiye shahidi mkuu.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1825, mtaalamu kijana wa hesabu na nyota wa Cambridge, Uingereza, aitwaye George Biddell Airy, aligundua kwamba asomapo, jicho lake la kushoto halifanyi kazi yoyote. Miwani ya kawaida haikulisaidia. Alichukua kadi, akaitoboa kitundu kidogo, akakitazama kitundu hicho chenye mwanga kwa jicho lake baya huku akikisogeza karibu na mbali. Katika umbali mmoja nukta ya mwanga ilionekana kama mstari. Katika umbali mwingine ikawa mstari mwingine uliokingamana na ule wa kwanza. Akaandika umbali wa kila mstari na mwelekeo wake, akapiga hesabu, akamwagiza fundi wa mji wa Ipswich amsagie lenzi iliyopinda kwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Hiyo ndiyo lenzi ya silinda, ambayo leo imo katika miwani ya mamilioni ya watu. Yafaa ifahamike kwamba jicho la Airy halikuwa la pia. Kupinda kwake kulikuwa na utaratibu. Lakini lenzi ile ilizaliwa kwa sababu mwenye jicho alieleza kwa makini kile hasa alichokiona, wala hakuna aliyemharakisha.

Jicho la pia lenyewe lilipata kitabu chake mwaka 1854, kilichoandikwa na John Nottingham, daktari wa Liverpool, aliyekusanya habari za wagonjwa wengi na kuitenga hali hii na magonjwa mengine ya konea. Mwaka 1888 Adolf Fick, daktari aliyekuwa Zürich, Uswisi, alieleza jinsi alivyotengeneza maganda ya kioo ya kuvaliwa juu ya jicho, na miongoni mwa watu aliowajaribia walikuwamo wenye jicho la pia. Tangu hapo, lenzi ngumu zinazovaliwa jichoni ndizo zilizosifiwa zaidi kwa maradhi haya, na sifa hiyo ni ya haki, kwa maana machozi hujaa kati ya lenzi na konea na kuufukia ule ukorofi wa uso wake. Hata hivyo sifa hiyo imeleta hasara moja: miwani ikaonekana kitu cha watu ambao hawajaugua vya kutosha, na wapimaji wengi wakaacha kuihangaikia.

Lakini lenzi ya jichoni haivaliwi saa zote. Huvuliwa usiku, huvuliwa jicho likiwasha, huvuliwa palipo vumbi jingi au moshi wa kuni, na wapo wengi wasioweza kuinunua, au wasio na maji safi na dawa ya kuitunza. Mtu aliyevua lenzi zake saa mbili za usiku bado ana chakula cha kupakua, mtoto wa kumwogesha, na njia ya kwenda chooni. Miwani hiyo ya akiba inastahili kupimwa kwa uangalifu uleule.

Ugumu uko wapi? Konea ya kawaida ina nguvu moja, au mbili zilizokingamana kama msalaba. Konea ya pia ina nguvu nyingi kwa wakati mmoja: penye ncha ni kali sana, pembeni ni hafifu, na mboni hutazama kupitia sehemu zote hizo pamoja. Mashine hutuma miale yake, ikasoma sehemu mojawapo, ikatoa jibu. Ikirudiwa, hutoa jibu jingine. Mashine haina ubaya. Ubaya ni kuiachia neno la mwisho. Hata wapimaji stadi hupata shida: uchunguzi mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1995, uliowafuata wagonjwa 1,209, ulionyesha kwamba vipimo vya miwani vya jicho la pia vikirudiwa hutofautiana zaidi kuliko vya jicho zima. Mpimaji akimulika jicho hilo kwa retinoskopu yake haoni mwanga unaotembea kwa pamoja. Huona vipande viwili vinavyofunguka na kufunga kama mkasi. Mkasi huo, kwa mwenye kuujua, ni habari tosha kwamba kazi ya siku ile haitakwisha kwa dakika tano.

Basi mpimaji mwenye subira huanza wapi? Huuliza kwanza kuhusu lenzi za jichoni. Lenzi ngumu huibonyeza konea, na mtu aliyeivua asubuhi ile ile akapimwa mchana, atapewa miwani ya jicho ambalo baada ya siku chache halitakuwapo. Hupaswa kukaa bila hizo kwa siku kadhaa, pengine wiki, kwa maelekezo ya mtaalamu. Kisha huomba miwani ya zamani, hata ile iliyovunjika, kwa sababu tarakimu ambazo mgonjwa aliwahi kuzizoea ni mwanzo mwema kuliko tarakimu za mashine. Kisha humpa kadi nyeusi yenye kitundu cha milimita moja hivi. Mgonjwa akisoma mistari miwili zaidi kupitia kitundu, imedhihirika kwamba nyuma ya jicho bado kuna uhai na kwamba nuru ikipangwa vizuri ataona. Kadi hiyo haigharimu kitu, nayo yatosha kumnyang'anya mpimaji ruhusa ya kusema macho hayafai.

Baada ya hapo huja jambo ambalo wengi hulikosea. Kwa mtu wa kawaida, lenzi hubadilishwa kwa robo ya dayopta, na swali huwa, hii au hii? Mtu anayesoma herufi kubwa ya juu peke yake hawezi kuiona tofauti ya robo. Akiulizwa mara kumi, atajibu kwa kubahatisha, atachoka, na mwisho atasema ndiyo kwa kila kitu ili aondoke. Yeye apaswa kuonyeshwa hatua kubwa, dayopta 1 ya kuongeza na 1 ya kupunguza, mpaka aseme kwa hakika kwamba hii ni mbaya na ile ni mbaya, na katikati ndiko kuliko na nafuu. Kadiri anavyoona vizuri ndivyo hatua zinavyopunguzwa. Na lenzi hizo ziwekwe katika fremu ya majaribio puani pake, si nyuma ya chombo kikubwa kinachomficha uso, kwa maana mtu huyu ana namna yake ya kuinamisha kichwa, nayo haina budi kuonekana.

Chukua mfano wa binti wa miaka 17 anayejifunza ushonaji, aliyekuja na mama yake. Silinda inayomfaa imekwisha kukadiriwa. Uliobaki ni mhimili, yaani upande ambao silinda hiyo itaelekea. Mpimaji hamuulizi tena maswali. Humwambia, "Binti, shika kifundo hiki, kizungushe mwenyewe. Simama pale kivuli cha herufi kinapopungua kuliko kwingine."

Binti azungusha, apita, arudi. "Hapa, Daktari. Hapana, nyuma kidogo."

"Mwanangu, sema kweli," mama yake adakia. "Usiseme cha kumridhisha mtu."

Maneno ya mama huyo yana thamani kuliko chombo chochote kilicho chumbani. Kifundo kirudiwe mara tatu. Kikisimama karibu na mahali pale pale, mhimili umepatikana, na kikisimama mbalimbali, basi silinda ile pengine ni kubwa mno na yafaa ipunguzwe. Ndipo macho mawili yafunguliwe pamoja, na binti aambiwe ainuke, atembee hadi mlangoni, ashuke ngazi, atazame sindano na uzi. Huenda akarudi akisema sakafu inambinukia. Mama, ambaye ameona herufi ngapi zilisomwa, huuliza kwa nini mwanawe asipewe ile lenzi kali iliyosoma mstari wa chini zaidi.

"Mama, kwa ile atasoma ubao, lakini ngazi zitamwangusha. Tunampa hii pungufu. Baada ya miezi michache tutaona kama anaweza kuongezewa."

Hapo pana uamuzi ambao hakuna karatasi ya mashine iwezayo kuutoa. Miwani iliyo bora kwa jicho la pia ni ile ambayo mtu anaweza kuivaa kutwa nzima, hata kama ina pungufu ya kile kinachowezekana kitini. Ni afadhali binti asome mstari wa 6/12 akiwa anatembea na kushona, kuliko asome 6/9 akiwa ameketi kimya kisha aivue miwani mlangoni. Wapo wapimaji wasiokubaliana na hilo, wakipenda tarakimu nzuri katika daftari. Daftari halishuki ngazi.

Katika Chuo Kikuu cha Houston, Texas, watafiti wameijaribu njia nyingine. Chombo hupima mabonde na milima yote ya nuru inayotoka ndani ya jicho, kisha kompyuta hujaribu mchanganyiko mwingi sana wa lenzi juu ya nuru hiyo na kuupa kila mmoja alama kwa uzuri wa picha. Njia hiyo hutoa mahali pema pa kuanzia, na itawafaa hasa wagonjwa wasioweza kujibu maswali marefu. Lakini miwani hukaa puani, ilhali jicho huzunguka nyuma yake, hivyo haiwezi kufuata kila bonde la konea. Huweza tu kurekebisha yale mawili, nguvu ya jumla na silinda. Vivuli vingine vitabaki, na ni heri mgonjwa aambiwe hivyo mapema, asije akadhani ametapeliwa.

Kazi haiishii kwa mpimaji. Fundi wa miwani akiuweka mhimili kando kwa nyuzi 10 tu, theluthi moja ya silinda hubaki bila kurekebishwa. Akikosea kwa nyuzi 30, ni kama silinda haikuwekwa kabisa, na picha imepotoka juu yake. Mwenye silinda ya dayopta 4 huliona kosa la nyuzi 10 mara moja, wakati jirani yake mwenye nusu dayopta hatalijua kamwe. Ndiyo sababu fremu ndogo, ngumu, inayokaa karibu na jicho na kushikwa sawasawa na masikio yote mawili ni bora kuliko fremu pana ya fahari. Na nyumbani, miwani iliyokaliwa na mtoto kwenye mkeka ikapinda mkono mmoja, si kwamba imeharibika sura tu. Tarakimu zake zimebadilika. Irudishwe kwa fundi inyooshwe, isinyooshwe kwa meno.

Liko tena jambo la kufikicha macho. Katika uchunguzi ule wa Marekani, takriban nusu ya wagonjwa walisema hufikicha macho kwa nguvu, na wengi walikuwa na mzio wa namna moja au nyingine. Mtoto anayewashwa macho kila msimu wa vumbi au maua, akayasugua kwa ngumi asubuhi na jioni, asiachwe kwa kusema atakua aache. Kitambaa safi kilicholowanishwa kwa maji baridi na kuwekwa juu ya kope zilizofumbwa hutuliza mwasho. Na mwasho ukizidi, apelekwe kwa mganga wa macho apewe matone yanayomfaa. Matone ya kununua ovyo dukani ni hatari. Mengine yana dawa kali ambayo hutuliza mwasho upesi sana, na yakitumiwa miezi mingi bila uangalizi huweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa kijana mdogo.

Tangu mwaka 2003, madaktari wa Dresden, Ujerumani, walipochapisha matokeo ya wagonjwa wao wa kwanza, kuna njia ya kuuzuia ugonjwa wenyewe usiendelee. Ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, matone ya vitamini B2 hutiwa kwa nusu saa, kisha jicho humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno kwa nusu saa nyingine, na nyuzi za konea hushikamana zikawa imara. Jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2021 liliwahusu vijana 60 wa umri wa miaka 10 hadi 16. Baada ya miezi 18, konea ziliendelea kuchongoka kwa 7 katika kila 100 ya waliotibiwa hivyo, na kwa 43 katika kila 100 ya walioendelea na miwani au lenzi peke yake. Matibabu haya hayairudishi konea katika umbo lake la kwanza. Hulizuia tatizo lilipofika, na miwani bado itahitajika baada yake. Katika Afrika Mashariki hupatikana katika hospitali chache za miji mikubwa, wala gharama yake si ndogo, kwa hiyo familia huhitaji kujua mapema kama mtoto wao ni miongoni mwa wale ambao maradhi yanakimbia.

Na hilo, kwa bahati njema, mara nyingi huonekana katika vipimo vya miwani. Kijana ambaye silinda yake ilikuwa 1.50 mwaka juzi, 2.75 mwaka jana, na sasa ni 4.00, hana macho ya kubadilishiwa fremu. Ana konea inayosogea, naye anahitaji kupigiwa ramani ya konea bila kungoja mwaka mwingine. Lakini tarakimu hizo husema pale tu zinapokuwa pamoja. Nyumba nyingi huitupa karatasi ya vipimo mara fundi akabidhipo miwani, kana kwamba ni risiti ya sukari. Yafaa mama aiombe hata kama hakupewa, aandike tarehe nyuma yake, aiweke katika bahasha moja na kadi ya kliniki ya mtoto. Karatasi tatu zilizopangwa kwa tarehe humwonyesha daktari kwa dakika moja jambo ambalo, bila hizo, angelazimika kulisubiri miezi sita.